Pua ya mtoto ikiziba, izibue kabla ya kunyonya

Mama mwenye kichanga, ukiona mtoto anashika titi, ananyonya kidogo, anaachia na kulia, mtazame pua kwanza. Wachanga hupumua zaidi kwa pua, kwa hiyo ikiziba hawawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja.

Nunua duka la dawa matone ya maji ya chumvi ya puani ya watoto, yasiyo na dawa nyingine ndani, pamoja na kipira cha kuvutia kamasi. Robo saa kabla ya kunyonyesha, mlaze chali, mtie tone moja au mawili kila tundu, usubiri kama dakika moja kamasi ilainike. Kisha bonyeza kipira KWANZA, ndipo uweke ncha yake mlangoni mwa pua, wala usiisukume ndani, halafu achia taratibu. Kioshe kwa maji moto na sabuni. Usivute kila saa, maana pua nayo huvimba ikisumbuliwa sana.

Tafadhali, usimpake puani wala kifuani dawa za kuchua zenye mentholi au kafuri, na usimfukize kwa sufuria ya maji yanayochemka. Watoto wanaungua hivyo.

Akipumua haraka haraka, mbavu zikibonyea ndani, akikataa kunyonya, au akiwa na homa kabla hajafikisha miezi 3, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.