Kuunganisha sentensi kanushi za Kiingereza: "or", "either", "nor" na wenzao

Juzi nilikaa na binamu yangu tukaipitia barua yake ya kuomba kazi. Barua ilikuwa safi, ila kila alipotaka kukataa mambo mawili kwa mpigo, Kiingereza kilimgomea. Tuliishia kuandika hatua kwenye karatasi, na hapa nimezinyoosha kwa yeyote anayekwama palepale. Chanzo cha kukwama kinaeleweka: sisi tuna "wala", na "wala" inatumalizia shughuli nzima. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno kadhaa, kila moja na masharti yake.

Kukanusha sentensi moja sitakueleza. Kama "don't", "didn't" na "isn't" bado zinakusumbua, anza huko kwanza.

Hatua ya 1: Andika sentensi mbili kamili

Usiziunganishe kichwani. Ziandike zote mbili, kila moja na "not" yake: "She doesn't eat meat. She doesn't eat fish." Tumia karatasi na kalamu, kwenye simu utapendekezewa maneno kabla hujajua unachotaka kusema.

Hatua ya 2: Linganisha kiima na kitenzi kisaidizi

Uamuzi wote unafanyika hapa. Neno "not" lina mipaka ya utawala wake. Linatawala kuanzia lilipokaa hadi mwisho wa kishazi chake (kipande cha sentensi chenye kitenzi chake), na kikiingia kiima kipya (anayetajwa, kama "she") au kitenzi kisaidizi kipya (kama "do", "have" au "will"), utawala umekwisha. Inabidi ukanushe upya.

Kwa hiyo jiulize maswali mawili. Anayetajwa ni yuleyule? Kitenzi kisaidizi ni kilekile? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, nenda hatua ya 3. Likiwa hapana hata kwa moja, ruka hadi ya 4.

Hatua ya 3: Kiima kimoja, kisaidizi kimoja: tumia "or"

Futa kila kinachojirudia, weka "or": "She doesn't eat meat or fish." "He doesn't smoke or drink." "They haven't called or written." Angalia "drink" hapo katikati: haina "s", kwa sababu "doesn't" imeshaibeba kwa ajili ya vitenzi vyote viwili. "He doesn't smoke or drinks" ni kosa ninalokutana nalo kila mara.

Sasa, kwa nini isiwe "and"? Kwa sababu "and" inabadilisha maana, na programu ya kusahihisha sarufi huenda isikushtue, maana sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi. Chukua lile onyo maarufu la barabarani: "Don't drink and drive." Halikukatazi kunywa, wala halikukatazi kuendesha. Linakukataza kuvichanganya. Lingeandikwa "Don't drink or drive", lingekuwa limekunyima vyote viwili, kila kimoja peke yake. Wanamantiki wana kanuni ya jambo hili, inayobeba jina la Augustus De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19: kukanusha "A au B" ni sawa na kukanusha A na kukanusha B pia, ilhali kukanusha "A na B" kunasema tu kwamba haviko vyote pamoja. Kwa hiyo mtu akikuandikia "I don't have a car and a licence", msomaji makini anaweza kujiuliza kama kimojawapo anacho.

Hatua ya 4: Viima viwili au visaidizi viwili: "and", kanusha tena, malizia na "either"

"My brother didn't call, and my sister didn't write either." Hapa "or" haifai kabisa. "My brother didn't call or my sister didn't write" inamaanisha mmojawapo hakufanya, na hujui ni yupi.

Visaidizi vikitofautiana, mambo ni yaleyale hata kama mtu ni mmoja: "He hasn't paid, and he won't pay either."

Neno la mwisho ni "either". Si "too", si "also". "I don't smoke and I don't drink too" ndiyo sentensi iliyotukalisha chini na binamu. "Too" hufuata kukubali, "either" hufuata kukataa. Na ile "Even me I don't know" tunayoitoa moja kwa moja kwenye "hata mimi sijui", iache. Sema "I don't know either", au kwa mkato "Me neither" ukiwa na rafiki.

Kwa mazungumzo ya kila siku ungeweza kuishia hapa. Mimi mwenyewe ninapoongea sivuki hatua hii. Lakini kwenye barua na ripoti utakutana na "nor", na hapo ndipo wengi hupotea.

Hatua ya 5: "Nor" kati ya vishazi viwili

Tatizo la "nor" ni kwamba inageuza mpangilio wa sentensi inayoifuata uwe kama wa swali, ingawa hakuna anayeuliza kitu. Tuchukue hizi mbili:

"She didn't come to the meeting. She didn't answer my calls."

Ya kwanza iache ilivyo, ila nukta igeuze kuwa mkato. Ya pili ifanyie hivi: toa "not", tanguliza kisaidizi mbele ya kiima, kisha weka "nor" mwanzoni kabisa. "Didn't" inabaki "did", "did" inaruka mbele ya "she", na tunapata:

"She didn't come to the meeting, nor did she answer my calls."

Ukisema "nor she answered", umesahau kugeuza. Ukisema "nor did she answered", umeweka wakati uliopita mara mbili. Ukisema "nor didn't she answer", umekanusha mara mbili, maana "nor" tayari ina "not" ndani yake. Kila ukimaliza, kagua makosa hayo matatu kwa mpangilio huo.

Kisha kuna mambo madogo yanayochelewesha watu.

Kitenzi kikiwa "be", hakihitaji msaidizi, chenyewe kinaruka: "The room wasn't clean, nor was it quiet." "Can", "will", "should" na wenzao pia wanaruka wenyewe. Visaidizi vikiwa viwili, cha kwanza tu ndicho kinachovuka: "He didn't ask me, nor would I have agreed." Usiburute "have" nayo.

"Have" ina sura mbili. Ikiwa kisaidizi, inaruka: "nor have they replied". Ikiwa na maana ya kumiliki, ichukulie kama kitenzi cha kawaida na uite "do": "nor do I have a passport". Utakutana na "nor have I a passport" kwenye maandishi ya zamani, usiige.

Kama sentensi ya pili ilikuwa na "never", inageuka "ever": "nor has he ever apologised". "Any" ibaki "any", isigeuke "no".

Kishazi cha kwanza lazima kiwe na ukanushi. "He left early, nor did he say goodbye" inayumba, kwa sababu hakuna lililokataliwa mwanzoni ambalo "nor" ingeliendeleza.

"And nor" na "but nor" utazisikia kwa Waingereza. Wamarekani kwa kawaida huacha "and". Kwa usalama andika "nor" peke yake. "Neither" ni kinyume chake: inapounganisha vishazi inapenda kutanguliwa na "and", lakini kugeuza ni kulekule: "I can't swim, and neither can my brother." Ukiwa na shaka, tafuta mifano kwenye British National Corpus, hazina ya maneno milioni 100 ya Kiingereza halisi cha Uingereza, au fungua kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mfano. Kamusi ya lugha mbili haitakuonyesha kisaidizi kinakaa wapi.

Na kama baada ya kiunganishi hakuna kiima, hakuna cha kugeuza. Rudi hatua ya 3, tumia "or".

Hatua ya 6: "Neither ... nor"

Itumie kwa uchache. Kwenye mazungumzo inasikika kama hotuba. Kitenzi chake hakikanushwi: "I have neither pen nor paper." Ukisema "I don't have neither", Kiingereza sanifu kinahesabu ukanushi mara mbili. Kwa Shakespeare kurundika makanusho lilikuwa jambo la kawaida, na mitaani bado yanarundikwa, ila mwajiri hatakusamehe. Kitenzi kinachofuata kinamfuata aliye karibu: "Neither the manager nor the workers were told."

Hatua ya 7: Kagua "because"

"I didn't leave because I was angry." Aliondoka au hakuondoka? Inasomeka kwa namna mbili: hakuondoka, na sababu ni hasira, au aliondoka, lakini hasira haikuwa sababu. Ukimaanisha ya kwanza, tanguliza sababu: "Because I was angry, I didn't leave." Ukimaanisha ya pili, taja sababu ya kweli hapohapo: "I didn't leave because I was angry but because I was tired."