SOMO: Kupiga picha bendi za kantri na mashabiki wake (someni kabla ya kuuliza)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara sita kwenye inboksi: "Kaka, unaingiaje na kamera mle baani na hawakutimui?" Nimechoka kuandika jibu lilelile kwa kidole gumba. Nalibandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo tu.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Nakuru, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Nashville, jimbo la Tennessee. Mchana naendesha lori la kusambaza vinywaji, na ndivyo nilivyojuana na mameneja wa baa. Usiku wa Jumapili na Jumatatu napiga picha mtaa wa Lower Broadway, au kumbi za dansi nje ya mji. Ijumaa na Jumamosi siendi. Siku hizo mtaa unajaa maharusi watarajiwa na rafiki zao waliokuja kulewa, na bendi inawapigia watu wasioisikiliza.

Kabla ya hatua, mlijue hili: mwanamuziki si windo lako kuu. Les Leverett alikuwa mpiga picha wa Grand Ole Opry, onyesho la redio la kantri la hapa Nashville, kwa zaidi ya miaka 30, tangu 1960. Yeye alikuwa na mlango wa nyuma, wewe una tiketi, kwa hiyo jukwaani humwezi. Geuka uwatazame waliolipa.

Hatua ya 1: Vifaa. Kamera moja, lenzi moja ya milimita 35, betri mbili. Basi.

Hatua ya 2: Mlangoni. Kumbi kubwa kama Ryman zinataka kibali cha mwanahabari. Hata ukikipata, desturi ni nyimbo tatu za kwanza, bila flashi, kisha unatolewa pale mbele. Baa ndogo ni rahisi zaidi. Bendi zinapiga kwa zamu za saa nne nne, na ya kwanza huanza kwenye saa nne asubuhi. Nenda kabla ya hapo, meneja akiwa bado anahesabu kreti, umwombe ana kwa ana. Usimwombe saa tano usiku akiwa anatenganisha watu wanaopigana.

Hatua ya 3: Ndoo. Baa nyingi za pale hazitozi kiingilio, kwa hiyo bendi inategemea sana bakshishi, na ndoo inazungushwa katikati ya nyimbo. Pesa kwanza, kamera baadaye. Atakayenunua lenzi ya dola 900 kisha akaipita ndoo akijifanya anatafuta fokasi, wenzake wanamwona.

Hatua ya 4: Mwanga. Flashi, sahau. Adui wako ni kofia: taa ziko juu, ukingo ni mpana, macho yote yako gizani na kidevu kinang'aa. Piga kutoka chini, au msubiri mwimbaji ainue uso kuitafuta noti ya juu. Pima mwanga kwenye shavu, usipime kwenye shati lenye vito, maana vile vito vinaidanganya kamera na unapata uso mweusi kama sufuria. Mimi huanza na tundu la lenzi f/2, kasi ya shata 1/200 ya sekunde, na wepesi wa kuhisi mwanga ISO 3200. Taa ikiwa nyekundu tupu au buluu tupu, punguza mwanga kidogo na uangalie kwenye kamera grafu ya mwanga ya kila rangi peke yake, kwa sababu ile ya jumla itakwambia mambo ni shwari wakati nyekundu imeshaungua kwa mwanga kupita kiasi. Taa nyeupe huwashwa wanapotambulishwa wanabendi mmoja mmoja. Usiende chooni wakati huo. Na usimsahau anayepiga gitaa la stili, yule aliyekaa kwenye kiti na gitaa limelala mbele yake kama meza. Watu humruka, ilhali magoti yake yanasukuma vyuma huku na huku chini ya meza, na uso wake umetulia kama wa mtu anayesoma gazeti.

Hatua ya 5: Mashabiki. Hapa ndipo penye utamu. Baa nyingi za Broadway jukwaa liko dirishani, bendi imeipa barabara mgongo. Maana yake ni kwamba mashabiki wote wameigeukia barabara. Toka nje! Simama kando ya njia, bandika lenzi kwenye kioo, zungushia koti lako kuziba mwako wa taa za mtaani. Mbele yako una migongo ya wanabendi, na nyuma yao nyuso arobaini zinazoimba. Nimekaa kwenye kioo kimoja usiku mzima wa Februari, vidole vimekufa ganzi, na sikujuta.

Kwenye dansi, two-step, ile ya kantri ya kucheza wawili wawili, ina mwendo wake: haraka, haraka, pole, pole. Kwenye haraka kila kitu kinaruka. Kwenye pole miguu inakaa, mabega yanashuka, ndipo wawili wanatazamana. Bonyeza kwenye pole. Wanazunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo jikunyate kwenye kona. Aliyekupita atarudi, usimkimbilie.

Hatua ya 6: Ruhusa ya mtu. Hapa nilichemsha, na nitaeleza yote ili msirudie.

Mwaka wangu wa pili nilipiga picha ya wawili wakicheza wimbo wa taratibu. Mwanamume wa makamo, kofia ya majani imeshuka hadi kwenye nyusi. Mwanamke alikuwa ameegemeza shavu kwenye mfuko wa shati lake, na alipoinua kichwa kalamu ya mfukoni ilikuwa imemwachia alama, mstari mwekundu wa urefu wa kiberiti. Kwa ajili ya ule mstari niliipenda ile picha kupita zote. Sikuwauliza chochote. Usiku uleule nikaitupia mtandaoni, nikataja baa, nikataja na siku. Kesho yake saa tatu asubuhi meneja ananipigia simu: mke wa bwana ameiona, na mwenye mstari shavuni si yeye. Nikaifuta, lakini ilishasambaa. Meneja hakunifokea hata kidogo. Alisema tu kuanzia leo kreti niziache mlangoni, ndani nisiingie. Miezi minane nilikuwa nashusha vinywaji nje kwenye mvua nikisikiliza bendi kupitia ukutani.

Sasa shikeni haya. Usiweke picha mtandaoni usiku uleule, kamwe. Kwenye picha ya wawili waulize wote wawili, si yule mmoja mchangamfu. Mlevi akikubali hajakubali. Mwachie kadi yako akutafute akiwa mzima, asipokutafuta picha ibaki kwako. Mtoto, muulize mzazi. Na usijitetee kwamba ni mahali pa watu wengi. Nilijitetea hivyo, nikaambiwa baa ina mwenyewe.

Majina yaandike papo hapo pamoja na mavazi: "buti za kijani, jino la dhahabu, katoka Kentucky." Picha 300 bila jina hata moja ni mzigo tu.

Hatua ya 7: Nakala. Chapisha kwenye karatasi, mpelekee mwenye picha.

---

Chungwa la Muheza: Kamera gani nzuri kwa kazi hii?

Jibu: Uliyonayo.

Kijana wa Kahawa: Somo zuri sana mkuu, sijasoma lote ila naomba kujua flashi unaweka ngapi?

Jibu: Soma lote.

Kijana wa Kahawa: Mkuu mbona mkali, mtu anauliza ajifunze.

Jibu: Sijakasirika. Hatua ya 4, sentensi ya kwanza, maneno mawili.

Bi Mkunazi: Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Mimi napiga harusi na taarab hapa Tanga. Ukumbi wetu umebadilisha taa, wameweka hizi za LED, na sasa picha zangu zinatoka na mistari myeusi ya kulala, kama kanga iliyochapwa vibaya. Nikipiga kwa simu haipo. Nimeharibu nini?

Jibu: Marahaba dada. Hujaharibu kitu, na swali lako ndilo nilipaswa kuliweka kwenye somo. Kamera yako umeiweka kwenye shata ya kimya, sivyo? Ile ya kielektroniki inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na taa za LED zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Mstari uliosomwa taa ikiwa imezima unatoka mweusi. Simu mara nyingi inajirekebisha yenyewe. Kwanza, rudi kwenye shata ya kawaida, ile inayolia, taarab haitakusikia. Pili, tafuta kwenye menyu mpangilio wa kuzuia kumeta kwa taa. Tatu, umeme wa huko nyumbani Tanzania una mapigo 50 kwa sekunde, kwa hiyo jaribu kasi ya shata ya 1/50 au 1/100. Huku Marekani ni 60, natumia 1/60 au 1/120. Taa zilizofifizwa kwa mitambo zinaweza kukaidi hata hapo. Piga picha tano za majaribio kabla ya bibi harusi kuingia, uzikuze uangalie ukuta mweupe.

Bi Mkunazi: Ilikuwa ni shata ya kimya kweli! Nilidhani nimewekewa lenzi feki. Mungu akubariki.

Mzalendo Makini: Umetoka Afrika ukaenda kupiga picha wazungu walevi. Ngoma zetu nani atazipiga?

Jibu: Zipige wewe, kamera haijakatazwa. Na kabla hujaniita msaliti, banjo asili yake ni vyombo vya watu wetu waliopelekwa huko utumwani. DeFord Bailey, Mweusi wa hapa Tennessee, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Opry kwa kinanda chake cha mdomo tangu miaka ya 1920, hadi walipomwondoa 1941. Waliingiza jina lake kwenye Jumba la Heshima la kantri 2005, yeye ameshafariki zamani. Mimi nilianza kumsikia Jim Reeves kwenye redio ya baba Nakuru kabla sijajua Tennessee iko wapi. Nani kakwambia muziki huu ni wa walevi wa huko tu?

Mzalendo Makini: Sawa, nimekusikia. La banjo sikulijua.

Binti wa Kericho: Kaka, umenikumbusha. Bibi alikuwa na wimbo wa kucheza wakiwa wasichana, wa mtu anaitwa Chemirocha. Mjomba anasema ni mwimbaji wa Kimarekani. Ni kweli au ni hadithi za mjomba?

Jibu: Mwambie mjomba ameshinda. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina limepita kwenye ulimi wa Kikipsigis. Alikuwa nyota wa kwanza mkubwa wa kantri, alifariki 1933, na sahani zake za santuri zikafika hadi kwenu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala, wakimbembeleza aje acheze. Rodgers hakukanyaga Kenya hata siku moja. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watu wa hifadhi ya Tracey iliyoko Afrika Kusini walizirudisha zile rekodi Bonde la Ufa, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa hai, wakajisikia wenyewe. Hatua ya 7 niliifupisha mno kwa kuwa nadhani kila mtu anaijua. Kumbe hiyo ndiyo hatua ya 7. Kama bibi yupo, mpige picha akiimba, na umrekodi.

Binti wa Kericho: Yupo. Jumamosi naenda.

Jibu: Kaa upande wa dirisha. Yeye akae kwenye kiti chake alichokizoea, usimhamishe kwa ajili ya mwanga.

Mzee wa Lenzi: Nyongeza kwa walioko Nairobi: Sir Elvis, mwimbaji wa kantri wa Kenya, akipiga, nusu ya ukumbi wana kofia na buti, huna haja ya nauli ya Nashville. Ila bebeni vizibo vya masikio. Mimi nilikaa mbele ya spika, siku mbili nasikia nzi.

Jibu: Kweli kabisa mzee wangu. Na bia ikimwagikia lenzi, usiifute kwa shati. Sukari na vumbi vinachuna kioo. Kitambaa chenye maji kidogo kwanza, kikavu baadaye.

Kijana wa Kahawa: Nimerudi, nimesoma lote. Swali: nikivaa kofia ya kantri ili nifanane nao, si ukingo utagonga kamera?

Jibu: Sasa hilo ndilo swali. Utagonga, na huwezi kuigeuza nyuma kama kapelo. Iache kwenye gari. Ukiiweka mezani iweke chali, tundu juu, la sivyo ukingo unapinda na wenyewe watakujua wewe ni mgeni.

Kijana wa Kahawa: Chali. Nimeandika.