Kupanga kaya kwa kadi: namna ya kuuliza mtaa wenyewe nani ana nafuu na nani anabanwa

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya watu wako chini yake. Namba hiyo tunaihitaji. Ila hesabu yake huchukulia kwamba kinachotumika ndani ya kaya kinawafikia wote, na aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga anajua kuwa sivyo. Kadi, ambazo wakazi wenyewe huzipanga kwa mafungu ya kaya zinazofanana hali, husaidia kuona kilichojificha ndani ya wastani huo. Njia hii ni ya zamani kidogo; Barbara Grandin aliiandikia mwongozo wa uwandani mwaka 1988. Hapa naieleza kwa mitaa ya mjini, ambako ndiko ninakofanyia kazi.

Hatua ya 1: Ingia kwa mlango wa mbele

Kamilisha kibali cha utafiti kwanza (mwanafunzi huanzia chuoni kwake), kisha shuka na barua zako mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Tangu siku hiyo ya kwanza sema waziwazi kwamba huandikishi kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wala huna msaada wa kugawa. Rudia kila unapokaa na watu wapya. Usiposema, kila mtu atajishusha, na mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Hatua ya 2: Kubalianeni kaya ni ipi

Nyumba moja ya vyumba sita yenye ukumbi katikati yaweza kuwa na kaya tano. Kipimo ni chungu: wanaopika na kula pamoja ni kaya moja. Kijana anayelala chumba cha uani lakini anakula kwa shangazi yake ahesabiwe kwa shangazi. Andikeni orodha pamoja na mjumbe wa shina, kisha uzunguke naye mlango kwa mlango, kwa sababu wapangaji wa muda mfupi husahaulika kwenye daftari, nao mara nyingi ndio wenye hali ngumu. Kaya 40 hadi 60 zinatosha. Zikizidi hapo, watu huchoka na kuanza kupanga ovyo.

Hatua ya 3: Tengeneza kadi

Kila kaya ipate kadi yenye namba. Jina au utani wa mwenye kaya uuandike kwa penseli ili uweze kulifuta kazi ikiisha. Orodha inayounganisha namba na majina ibaki kwako peke yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana, na hata isingekubana, karatasi yenye majina ya "maskini wa mtaa" ikianguka mikononi mwa mtu itawaumiza wenyewe.

Hatua ya 4: Tafuta wapanga kadi

Usimtegemee mwenyekiti. Yeye anajua nani kajenga. Mwenye genge anajua nani ananunua mafuta ya kula kwa kipimo cha siku moja na nani anakopa hadi mwisho wa mwezi. Kijumbe wa upatu anajua nani kaacha kucheza. Tafuta watu wa aina hiyo, angalau watatu, wanawake na wanaume, wakiwemo wapangaji na si wenye nyumba tu. Kaa na kila mmoja peke yake, faragha.

Hatua ya 5: Mwache apange

Mpe kadi zote. Mwambie aweke pamoja kaya zenye hali ya maisha inayofanana, kuanzia wenye nafuu kubwa hadi wanaobanwa zaidi. Mafungu yawe mangapi, aamue yeye. Usimtajie "tajiri" wala "maskini". Maneno yake ndiyo unayoyatafuta.

Akimaliza, shika fungu moja moja na uulize: hawa wanafanana nini? Andika anavyosema, neno kwa neno. "Ana ndugu wa kumshika mkono." "Amekuja juzi, hajulikani." "Mume yupo, lakini ni kama hayupo." Humo ndimo utambulisho wa mtu na ukosefu wa usawa vinapokutana: wa kuja na mwenyeji, mpangaji na mwenye nyumba, mjane na mke wa mtu, nani anakopeshwa dukani na nani haaminiwi. Sensa za Tanzania haziulizi kabila tangu ile ya 1967, nami sishauri uanze nalo. Likiwa na uzito mtaani hapo, litajitokeza kwenye sababu.

Hatua ya 6: Piga hesabu, kisha itilie shaka

Fungu la 1 ni la wenye nafuu kubwa. Gawanya namba ya fungu kwa idadi ya mafungu ya mpanga kadi huyo, zidisha kwa 100; alama kubwa ni hali ngumu. Tuchukue mfano wa kadi namba 17. Mwanamke mwenye genge kaiweka fungu la 3 kati ya 4: alama 75. Fundi wa pikipiki kaiweka la 1 kati ya 3: alama 33. Kijana mpangaji, la 2 kati ya 4: alama 50. Wastani ni kama 53, yaani kaya ya katikati, na wengi huishia hapo.

Mimi naona utafiti ndio kwanza unaanza. Fundi ameona pikipiki mbili za bodaboda zinazoleta hesabu kila jioni. Mwenye genge ameona mke anayenunua unga robo. Fedha ipo, ila haifiki jikoni. Kila kadi ambayo alama zake zimeachana mbali itenge, urudi kwa wapanga kadi wote uwaulize sababu, bila kumwambia yeyote mwenzake alisema nini.

Hatua ya 7: Nenda kwenye kaya, uliza habari za jana

Chagua kaya chache kutoka kila fungu, pamoja na zile zenye utata. Ukiuliza "hali yako ikoje?" utajibiwa "tunamshukuru Mungu", na huo ni uungwana, si takwimu. Uliza jana. Nani aliamka wa kwanza? Maji yalitoka wapi, kwa bei gani? Mlikula saa ngapi, nani alikula mwisho? Kuna kitu mtoto aliomba mkashindwa? Zungumza na mke na mume kila mmoja kwa wakati wake.

Baada ya hapo ndipo uchore ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10, ile iliyoanzishwa na Hadley Cantril, umwombe mtu aoneshe aliposimama leo na alipokuwa mwaka jana. Ikitangulia habari za jana, jibu lake huwa na sababu ya kushika.

Hatua ya 8: Rudisha matokeo

Mtaani peleka sababu, kamwe usipeleke mafungu. Mkutano ujadili kwa nini mpangaji mgeni hakopesheki, au kwa nini maji ya ndoo yanamgharimu zaidi asiye na bomba. Mtu akikuuliza kadi yake iliangukia wapi, mjibu kwamba hilo husemi kwa yeyote, hata kwa mwenyekiti.