Namna ya kuzifuatilia hadithi za Alfu Lela U Lela katika fasihi ya Kiingereza

Anza na mwaka. Kabla hujadai kwamba mwandishi fulani wa Kiingereza alichota kutoka Alfu Lela U Lela (Usiku Elfu na Moja), jiulize alisoma tafsiri ipi. Antoine Galland aliitoa kwa Kifaransa kati ya 1704 na 1717, na Waingereza wakaipata mapema kwa kutafsiri Kifaransa hicho. Tafsiri ya Kiingereza ya Richard Burton ilikuja 1885, na mshairi Wordsworth alikwisha kufariki tangu 1850. Ukimtumia Burton kueleza alichosoma Wordsworth utotoni, hoja yako imekufa.

Kisha kagua asili ya hadithi yenyewe. Aladini na Ali Baba hawamo katika muswada wa Kiarabu kutoka Syria alioutegemea Galland. Alisimuliwa hadithi zao mjini Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, mtu wa Halab (Aleppo), Syria. Ndiyo maana hutawakuta katika tafsiri ya Husain Haddawy ya 1990, inayofuata muswada huo. Wengi hudhani nakala yao ina kurasa pungufu!

Sasa soma, penseli mkononi. Katika A Christmas Carol ya Dickens (1843), mzee bahili Scrooge anarudishwa utotoni, darasani alikoachwa peke yake na kitabu. Nje ya dirisha amesimama mtu wa mavazi ya kigeni, shoka mkandani, anaongoza punda aliyebeba kuni. Jina la Ali Baba linafuata baada ya picha hiyo. Pembeni andika kinachoonekana, nani anakiona, na jina linatajwa lini. Utagundua Dickens anamtegemea msomaji amtambue mgeni kwa shoka na punda tu. Huo ni ushahidi kwamba hadithi hizi zilishazoeleka Uingereza. Hautoshi kudai kwamba kitabu kizima kimejengwa juu ya hadithi hizo.

Kuazima muundo ni kugumu zaidi kugundua, na kwa maoni yetu ndiko kunakolipa. Katika New Arabian Nights ya Stevenson (1882) Florizel, mwana wa mfalme, anazurura London akijificha, msaidizi wake ubavuni, kama khalifa Harun al-Rashid na waziri wake Jaafar usiku wa Baghdad. Hakuna jini wala taa. Poe, mwandishi wa Marekani, naye, mwaka 1845, alimpa Shahrazad, msimuliaji wa Alfu Lela, usiku wa 1002, mfalme akachoshwa na maajabu yake na kuamuru anyongwe.

Usishike kila hadithi iliyo ndani ya hadithi ukaiita ya Kiarabu. Mshairi Chaucer, katika The Canterbury Tales, aliwapanga mahujaji wake wasimulie kwa zamu miaka 300 hivi kabla ya Galland. Farasi wake wa shaba anayeruka anafanana na farasi wa mpingo wa Alfu Lela; andika “wanafanana”, usiandike “ameiga”.

Unaponukuu, taja mfasiri, mwaka na jina la hadithi. Namba ya usiku peke yake itampoteza msomaji, kwa kuwa matoleo hayagawi usiku sawasawa.