Mihogo ya Coco: ninavyoikaanga nyumbani na kuibeba hadi Mjimwema

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa na Jumapili moja kwa mwezi ya kutupeleka Coco, ufukwe wa Dar es Salaam. Tulitoka Kinondoni kwa miguu, watoto wanne na yeye, tukaikata Oysterbay hadi Toure Drive, na kabla hatujaiona bahari harufu ya mafuta ya mihogo ilikuwa imeshatupokea. Sisi tukiogelea, yeye alikaa juu ya mwamba akilinda nguo. Tukitoka majini tunatetemeka, ngozi ya vidole imejikunja, alituita mmoja mmoja. Kila mtu muhogo wake: umepasuliwa katikati, chachandu imemiminwa ndani, kachumbari juu, kipande cha gazeti chini. Midomo ilikuwa bado na chumvi ya bahari, na chachandu ikikutana na ile chumvi, sijapata kula kitu kitamu kuliko hicho. Yeye mwenyewe alikula ile mikia myembamba ya mwishoni, ambayo muuzaji alimwongezea bure.

Siku hizi naishi Mbagala, na ufukwe wetu ni Mjimwema, tunakwenda kwa kupitia Kongowe. Tunakwenda watu wanane pamoja na wazazi, na kumnunulia kila mmoja muhogo na soda si mchezo. Kwa hiyo nakaanga mwenyewe. Ilinichukua muda kuupata ule muhogo wa Coco, wenye ganda kavu linalovunjika mdomoni na ndani laini unaopukutika, basi nakuelekeza ili usizunguke nilikozunguka.

Anzia sokoni. Kwa watu wanane nanunua kilo tatu. Omba iliyochimbwa jana au leo, kwa sababu muhogo ukishakaa siku mbili tatu nje ya ardhi huanza kuweka michirizi ya bluu na nyeusi ndani, na huo haulainiki hata uukaange mpaka jioni. Mwambie muuzaji auvunje ncha. Ukivunjika kwa mlio na ndani mweupe kabisa, chukua. Mimi pia naonja kipande kidogo kibichi kutoka kila muhogo. Kama ni mchungu, hauingii jikoni kwangu. Uchungu ni dalili ya sumu ya sianidi, na kukaanga peke yake hakuiondoi. Mihogo michungu ina utaratibu wake wa kulowekwa na kuanikwa kuwa makopa, si ya mambo haya. Ukitaka aina ya kuulizia kwa jina, huku Pwani kuna kiroba, ni mtamu.

Kumenya ni rahisi ukijua: usiukwangue kama karoti. Katakata vipande vya urefu wa kiganja, chana ganda kwa kisu kutoka juu hadi chini, kisha ingiza ncha ya kisu chini ya lile ganda la pili la rangi ya waridi ulibandue. Linatoka lote kama soksi. Pasua kila kipande mara mbili kwa urefu, toa ule uzi mgumu wa katikati, halafu loweka kwenye maji ya chumvi nusu saa. Ile mikia iweke pembeni, ina zamu yake.

Sasa moto. Miaka mingi nilikosea hapa tu. Nilikuwa nachemsha mihogo kwanza, halafu naitia kwenye mafuta yanayotoa moshi. Nje ilikuwa nyekundu, ndani imelowa maji. Siku moja nikiwa Coco nilimuuliza mama mmoja muuza mihogo, nikamwamkia na kumweleza shida yangu. Akanijibu huku anageuza mihogo yake, "Mwanangu, muhogo unaiva kwa mafuta ya upole, rangi unaipata kwa mafuta ya moto. Wewe unaanzia mwisho." Nikasimama pale karibu na karai lake kama nusu saa. Upande mmoja wa meza alikuwa na mihogo iliyokwisha kuiva, imepauka, inasubiri. Mteja akifika, anachukua miwili mitatu anairudisha kwenye karai mafuta yakiwa yamechemka sawasawa, na baada ya dakika chache inatoka ina rangi.

Ndivyo ninavyofanya sasa. Futa mihogo kwa kitambaa mpaka ikauke, maji yakiingia kwenye mafuta yatakurukia. Bandika karai lenye lita mbili za mafuta kwenye jiko la mkaa, moto wa wastani. Tia kipande kimoja cha kujaribia: kikizungukwa na mapovu madogo ya taratibu, ndipo. Mapovu yakiwa makubwa na ya fujo, punguza mkaa. Usijaze karai. Acha mihogo dakika 12 hadi 15, ukiigeuza, mpaka uma uingie bila kusukuma. Itakuwa na rangi ya pauka, usishtuke. Itoe, itandaze kwenye ungo, ipoe. Kama mihogo imekomaa sana na unaona uma bado unagoma, hapo ndipo naichemsha dakika kumi, naichuja, naiacha ikauke kabisa kabla ya kuirudisha kwenye mafuta.

Wakati inapoa, tengeneza chachandu. Loweka ukwaju wa kujaa ngumi kwenye kikombe cha maji ya moto, ukamue, uchuje. Kaanga kitunguu saumu punje nne kwenye mafuta kidogo, tia nyanya tano zilizosagwa, acha zikauke, kisha mimina ukwaju na chumvi. Iache ichemke mpaka iwe nzito kiasi cha kung'ang'ania kwenye kijiko. Ikiwa nyepesi italowesha muhogo. Kwa watoto natoa bakuli moja, ndipo natia pilipili mbuzi mbili zilizosagwa.

Kachumbari haina siri: vitunguu vya kukata vyembamba na kufikichwa kwa chumvi kisha kuoshwa, nyanya ngumu, karoti, kabichi kidogo. Ndimu nazibeba nzima, nakamulia hukohuko.

Kuhusu kubeba, nisikilize vizuri. Mara ya kwanza nilitia mihogo ya moto kwenye hotpoti na kuifunga. Tulipofika Mjimwema mvuke ulikuwa umeigeuza kama iliyochemshwa, na dada yangu aliyekuja kutoka Tabora kwa hamu ya mihogo ya ufukweni akala vipande viwili akanyamaza. Iliniuma. Sasa mzunguko wa pili wa kukaanga, ule wa mafuta ya moto, dakika tatu au nne tu, naufanya watu wakiwa wameshavaa viatu. Mihogo inaingia kwenye kikapu cha ukindu kilichotandikwa mifuko ya kaki, juu nafunika kanga tu. Mvuke unapata njia ya kutoka. Zamani tungebebea kwenye rambo za plastiki, lakini tangu Juni 2019 hazipo, na kwa mihogo kwa kweli karatasi ni bora mara kumi. Chachandu kwenye chupa, kachumbari kwenye bakuli lake lenye mfuniko. Vitu hivi vitatu visikutane mpaka mtu awe ameshika chakula chake mkononi.

Na upange kula kwa kufuata maji. Mjimwema bahari ikipwa unatembea mbali kabla maji hayajafika magotini, na watoto wasioogelea hawapati njaa inayostahili muhogo. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa inasogea karibu dakika 50. Kwa hiyo yakijaa Jumapili hii saa tano asubuhi, Jumapili ijayo saa hiyohiyo yatakuwa yamekupwa. Muulize mvuvi yeyote pale. Sisi tunafika maji yakiwa yanapanda, watoto wanaoga mpaka yanapoanza kugeuka, ndipo nafunua kikapu.

Ile mikia sasa. Itie mafutani mwisho kabisa, wenzake wakishatoka, kwa sababu ni myembamba na dakika tano za moto mkali zinaitosha. Inakuwa kavu mpaka ndani, ikitafunwa inalia. Naifungia kwenye karatasi yake peke yake. Miaka yote nilidhani baba alikuwa anajinyima ili sisi tushibe, na mwaka jana nilipomkabidhi muhogo mnene wa katikati, chachandu inatiririka, aliurudisha mkononi mwangu. "Mpe mtoto huo," akasema. "Mikia umeikaanga?"