SOMO: Shujaa wa komiksi anapataje nguvu, na wewe wa kwako utampaje

Wakuu, salaam. Somo hili ni kwa wale mnaochora na kuandika hadithi za mashujaa, na kwa wasomaji ambao mmekuwa mkibishana nani kapata nguvu vipi.

Komiksi zangu za kwanza nilizinunua kwenye marundo ya vitabu vya mitumba. Nyingi hazikuwa na jalada, na kurasa mbili tatu za mwanzo zilikuwa zimeshang'oka. Nilikuwa nakutana na mtu anaruka juu ya maghorofa bila kujua uwezo huo kautoa wapi, basi naubuni mwenyewe. Nilipokuja kusoma hadithi zenyewe ukubwani, niligundua zile nilizobuni zilikuwa na kasoro moja, na ndiyo hiyohiyo ninayoiona kwenye kazi mnazonitumia. Tutaifikia hatua ya nne. Msiruke.

Hatua ya 1: Chagua njia

Njia zenyewe si nyingi. Kuna kuzaliwa na nguvu, kupata ajali, kupewa, kutengenezwa na watu wengine, na kujitengenezea.

Superman wa 1938 kazaliwa nazo, kwa kuwa kwao kila mtu ni hivyo. Ukurasa wake wa kwanza kabisa unajitetea kwa mifano ya wadudu: chungu hubeba mzigo unaomzidi uzito mara nyingi sana, panzi huruka umbali ambao kwa binadamu ungekuwa mitaa kadhaa. Kupaa alikuwa hajui bado. Alikuwa anaruka tu, kama mita 200 kwa mruko mmoja. Habari ya jua la njano kumpa nguvu waliiongeza baadaye sana.

Wa kupewa, mtazame Billy Batson wa 1940. Ni yatima muuza magazeti, anachukuliwa kwa treni ya chini ya ardhi hadi kwa mzee mchawi, anapewa neno moja la kutamka: Shazam. Kila herufi ina mwenyewe, na ya kwanza ni hekima ya Suleimani. Wengine ni Hercules, Atlas, Zeus, Achilles na Mercury. Mkusanyiko wa ajabu huo, nabii mmoja kati ya Wagiriki na Warumi, lakini watoto waliupenda.

Njia mbili zaweza kukutana kwa mtu mmoja. Spider-Man kaumwa na buibui, hiyo ni ajali. Utando wake je? Kwenye komiksi ya 1962 ule ni uhunzi wake mwenyewe: kijana wa shule kaunda vifaa vya kuvaa mikononi na kupika gundi yake. Filamu ya 2002 ndiyo iliyoufanya utoke mwilini.

Hatua ya 2: Jiulize watu wa wakati ule waliogopa nini

Ajali ya shujaa hufuata hofu ya zama zake. Flash, shujaa wa mbio, wa 1940 alivuta mvuke maabara. Flash wa 1956 alipigwa na radi iliyovunja rafu ya kemikali. Kisha angalia kampuni ya komiksi ya Marvel: mwaka 1961 watu wanne, Fantastic Four, wanapigwa na miale ya anga, 1962 bomu la gama linamkuta mwanasayansi Banner, ndiye Hulk, na buibui mwenye mionzi anamuuma mwanafunzi, 1964 lori linadondosha kemikali yenye mionzi na kumpofusha mtoto. Mfululizo huo si bahati mbaya. Mrusi Gagarin alizunguka dunia Aprili 1961, na wale wanne wa Novemba wanakimbilia angani bila kinga ya kutosha kwa sababu hawataki wakomunisti wawatangulie. Mabomu ya nyuklia yalikuwa yanajaribiwa. Oktoba 1962 dunia ilikesha kwa ajili ya makombora ya Cuba.

Filamu ya 2002 ilipofika, mionzi ilikuwa imechuja. Wakambadilisha buibui akawa wa kuchezewa vinasaba, maana magazeti yalikuwa yamejaa habari za vinasaba.

Hatua ya 3: Mtu kabla ya nguvu

Hii haina maneno mengi. Steve Rogers, ndiye atakayekuja kuwa Captain America, alikataliwa jeshini kwa sababu ni dhaifu. Peter Parker, kabla hajawa Spider-Man, hakuna anayemwalika popote. Kama shujaa wako tayari ni mrefu, mzuri, tajiri na bingwa wa karate, nguvu utakazompa zitakuwa chumvi baharini.

Hatua ya 4: Funga mlango nyuma yake

Tumefika. Ukishampa mtu nguvu, msomaji atakuuliza papo hapo: kwa nini mwingine asiende kuzipata palepale? Ukinyamaza, hadithi inavuja.

Soma toleo la kwanza la Captain America, Machi 1941. Profesa anamdunga Rogers dawa mbele ya wakubwa wa serikali. Kijana anajaa misuli mbele ya macho yao. Mpango ni kutengeneza askari wengi wa namna hiyo. Hawajamaliza kushangilia, mmoja wa watazamaji anachomoa bastola. Ni jasusi wa Wanazi. Profesa anakufa, na siri ya dawa inazikwa naye. Yote hayo yako ndani ya kurasa chache. Mlango umefunguka, mtu mmoja kapita, mlango umefungwa kwa damu, na kufungwa huko kumempa shujaa adui wake wa kwanza.

Ukishaujua ujanja huu utauona kila mahali. Buibui aliyemuuma Parker yuko kwenye kukata roho. Anauma mara moja, basi. Sayari ya Superman imelipuka. Green Lantern wa 1959 kapewa pete ya nguvu na mgeni wa angani anayefia ndani ya chombo chake kilichoanguka. Hakuna wa kurudi kumuuliza.

Wako walioacha mlango wazi kwa makusudi, nao ni X-Men wa 1963. Wale ni mutanti, wamezaliwa hivyo. Stan Lee, mwandishi wao, alisimulia mara nyingi kwamba alikuwa amechoka kubuni ajali, akaona rahisi aseme tu wamezaliwa nazo. Uvivu wenye akili! Lakini tazama kilichotokea: mlango ukiwa wazi, hadithi si ya shujaa mmoja tena. Mtoto wa jirani aweza kuwa mmoja wao. Inakuwa hadithi ya watu wanaoogopwa na majirani zao. Kwa hiyo waweza kuuacha wazi, mradi ujue umeshaingia kwenye hadithi nyingine.

Hatua ya 5: Toza bei

Bei itoke palepale zilipotoka nguvu. Lori lililompa Daredevil masikio ya ajabu ndilo lililochukua macho yake. Pete ya Green Lantern ilitaka kuchajiwa kila baada ya saa 24, na mbele ya rangi ya njano haifui dafu.

Superman alikaa miaka bila bei ya maana, na waandishi wakapata tabu naye. Kriptonaiti, jiwe linalommaliza nguvu, ilianza kwenye mchezo wake wa redio mwaka 1943, ikaingia kwenye komiksi 1949. Ni vipande vya kwao. Kinachomuua ni nyumbani kwake, na kwa hilo nawavulia kofia.

Hatua ya 6: Chora dakika ya kwanza, usiieleze

Parker ametoka kwenye maonyesho ya sayansi, kichwa kinamuuma, anatembea barabarani anawaza. Gari linamjia. Anaruka kuliepa, na anapotulia anajikuta amenata ukutani kwa vidole. Anapanda hadi juu, anashika bomba la chuma, linabonyea mkononi kama karatasi. Hapo hajui bado yeye ni nani. Hajavaa chochote cha ajabu.

Hulk naye, 1962: usiku unaingia, Banner yuko chumbani na kijana ambaye yeye Banner alimwokoa, na kifaa cha kupimia mionzi kinaanza kulia, tiki tiki tiki, kinazidi kasi. Kisha mkono unabadilika. Kile kifaa kimefanya kazi ambayo maelezo ya nusu ukurasa yasingeifanya.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Morogoro: Mkuu, shukrani kwa somo. Hulk si hubadilika akikasirika? Mbona wewe unasema usiku?

Jibu: Toleo la kwanza alibadilika jua likizama, hasira ilikuja kushika nafasi baadaye. Na alikuwa wa kijivu! Mtambo wa uchapishaji ulishindwa kutoa kijivu kimoja ukurasa hadi ukurasa, toleo la pili wakamgeuza kijani. Msitafute falsafa kwenye kijani chake, ni habari ya wino.

Mwanachama, Mwanza: Mdogo wangu anauliza kama mionzi inaweza kweli kumpa mtu nguvu. Nimjibu nini?

Jibu: Mjibu hapana, tena kwa mkazo. Mionzi mikali hukatakata vinasaba ndani ya chembe za mwili. Chembe ama hufa, ama hujirekebisha vibaya, na huko ndiko saratani hutokea. Banner wa kweli angeanza kutapika muda si mrefu, na tungemzika. Na buibui akikuuma anakuachia sumu, vinasaba vyake anabaki navyo.

Mwanachama, Nairobi: Storm wa X-Men ni Mkenya ama si Mkenya? Tumekosana na beshte yangu juu ya hii.

Jibu: Wote mna haki kidogo. Mama yake Mkenya wa ukoo wa kifalme, baba Mmarekani mpiga picha za habari. Yeye kazaliwa New York, kakulia Cairo. Ndege ikaangukia nyumba yao, wazazi wakafa, naye akafukiwa kwenye kifusi. Ndiyo maana hadi leo hawezi kukaa mahali pa kubana. Baadaye akafika Kenya, na alipoingia kwenye komiksi mwaka 1975 alikuwa huko, watu wakimwona mungu wa mvua. Nguvu ni za kuzaliwa. Lawama yangu ni kwamba Kenya ya toleo lile ni nyika na watu wanaoomba mvua, Nairobi yenu huioni.

Mwanachama, Dodoma: Batman umemwacha kwa nini?

Jibu: Kwa sababu hana nguvu. Ana pesa, mazoezi na msiba. Ila hatua ya 3 na ya 5 zinamhusu kuliko wote.

Mwanachama, Dar es Salaam: Mimi shujaa wangu anapigwa na umeme wa transfoma ya mtaani ikilipuka usiku wa mvua, anaanza kurusha cheche. Naomba ukosoaji, usinionee huruma.

Jibu: Hofu umeichagua vizuri, kila msomaji wako anaijua ile sauti ya buu! halafu giza mtaa mzima. Lakini transfoma hulipuka kila msimu wa mvua. Kwa nini yeye tu? Mafundi wanaozishika mchana kutwa mbona hawarushi cheche? Mlango wako uko wazi. Tafuta kitu kimoja cha usiku ule kisichoweza kurudi. Labda alikuwa ameshika mkono wa mtu ambaye hakupona. Hapo umefunga mlango na bei umetoza.

Mwanachama, Lamu: Mwalimu, mimi nataka kumchora Fumo Liyongo. Lakini yeye hakuumwa na buibui wala kudungwa dawa. Nguvu zake nimpe chanzo gani?

Jibu: Ndugu yangu, swali lako limenipindua somo langu. Kwa Liyongo wazee hawakuona haja ya kueleza nguvu zimetoka wapi. Walichotueleza ni mahali zinapoishia: sindano ya shaba, kitovuni, mkononi mwa mwanawe. Bei imetajwa kamili, chanzo kimeachwa. Kwa hiyo usimbunie. Ukimwekea kimondo au mganga utamshusha.

Ile tupa ya kukatia chuma iliyofichwa kwenye mkate wa wishwa aliopelekewa kifungoni kila mtu ataichora. Wewe anza kisimani. Amepiga goti, upinde umevutwa, mshale uko tayari. Watu wamesimama mbali na ndoo zao, kiu imewashika siku kadhaa, na hakuna anayethubutu kusogea kuteka maji, kwa kuwa hakuna ajuaye kama amekwisha kufa.