Namna ya Kujenga Kuaminiana Baina ya Wakazi Wanaotofautiana

Wanaotaka kuwaleta pamoja wakazi wa dini, makabila au vipato tofauti mara nyingi huanza kwa kuitisha mkutano wa kuzijadili tofauti hizo. Mwanzo huo ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, kwani kila mmoja hufika akiwa msemaji wa upande wake na hulazimika kuutetea mbele ya wenzake. Ni afadhali kuanza na kazi.

Mwaka 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana 22 katika makundi mawili kambini Oklahoma, Marekani, wakawashindanisha hadi uhasama ukazuka. Kuwakutanisha wakati wa chakula hakukusaidia, kwani waliishia kurushiana vyakula. Uhasama ulipungua pale maji yalipokatika na gari lilipokwama, shida ambazo watafiti walizipanga makusudi na ambazo zilihitaji nguvu za makundi yote mawili. Hata hivyo, kazi moja haikutosha. Hila yao isiigwe, maana shida za kweli hazikosekani mtaani.

Chagueni jambo linalowakera wote kwa kiasi kinachokaribiana, kama vile mtaro unaoziba au njia isiyo na taa. Lisiwe lile lililozua ugomvi wenyewe, wala lisiwe kubwa kiasi kwamba matunda yake yatasubiriwa kwa miaka.

Jambo linaloharibu juhudi nyingi ni kukosekana kwa usawa, ambao mwanasaikolojia Gordon Allport aliutaja, mwaka huohuo wa 1954, miongoni mwa masharti ya kukutana kwenye manufaa. Kundi moja likiwa ndilo linaloitisha vikao, kuviongoza na kutunza fedha, huku jingine likialikwa ili idadi itimie, walioalikwa hulitambua hilo mapema, hata kama kwa adabu hawatalisema. Kwa hiyo vikao vifanyike kwa zamu katika maeneo ya pande zote, kwa lugha ambayo hakuna anayeona haya kuizungumza, na kwa saa zisizogongana na ibada wala riziki ya mtu. Fedha ziidhinishwe na watu wawili wasiotoka upande mmoja, na hesabu zisomwe hadharani hata zikiwa ndogo. Nani anafagia ukumbi baada ya kikao nalo si swali dogo.

Uvumi utakuja. Kabla haujaja, teueni watu wawili, mmoja kutoka kila upande, waliokubaliana kuulizana moja kwa moja kabla ya yeyote kati yao kujibu au kusambaza alichosikia.

Msitarajie kwamba kuaminiana kulikojengwa ndani ya kikosi kazi kutaenea kwenyewe. Nchini Iraq, mtafiti Salma Mousa aliwapanga wachezaji wa soka Wakristo, baadhi katika timu za Wakristo watupu na wengine katika timu zilizochanganywa na Waislamu. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliochanganywa waliendelea kufanya mazoezi na Waislamu hata miezi kadhaa baadaye, lakini mwenendo wao kwa Waislamu wasiowafahamu, nje ya uwanja, haukubadilika sana. Hivyo basi, kazi ya pili isifanywe na watu walewale peke yao: kila aliyeshiriki ya kwanza aje na ndugu au jirani mmoja ambaye hakuwapo, hasa yule aliyekuwa akiibeza.